Kutoka Isevya hadi Ujiji: mwaka wangu wa 2024 kando ya reli

Mwaka 2024 niliuanza nikiwa mhasibu aliyepanga chumba Dar es Salaam, nikaumaliza nikiwa mke wa mtu huko Ujiji na mfanyabiashara wa asali na dagaa. Niliyoyaandika hapa nimeyakusanya baada ya kurudi nyumbani, kutoka daftari la mauzo ambalo kurasa zake za nyuma nilizitumia kuandika mambo ya njiani, na kutoka picha za simu ambazo kwa bahati njema huhifadhi tarehe. Siku ambazo hazikuwa na jambo nimeziruka bila majuto.

Jumamosi, 6 Januari. Dar es Salaam hadi Tabora

Mkataba wangu wa kazi ulikwisha Desemba na haukuhuishwa. Mama, ambaye tangu baba afariki amekuwa akinunua asali kwa warina wa Sikonge na kuiuza nyumbani kwetu Isevya, Tabora, alinipigia simu akasema mambo matatu tu: miguu inamuuma, ndoo zimejaa stoo, na mimi ndiye ninayejua hesabu. Nilipanda basi la alfajiri nikiwa na masanduku mawili na feni.

Hadi Dodoma sina la kusimulia. Baada ya Manyoni na Itigi njia huingia katika vichaka vinene, kisha miombo, na hapo ndipo mtu wa Tabora huanza kujisikia yuko kwao. Kipande cha kati ya Chaya na Nyahua, chenye kilomita 85 hivi, zamani ndicho kilichowalazimisha wengi wetu kuzunguka kwa Singida na Nzega, hasa wakati wa masika. Sasa ni lami, na tulikipita nikiwa nimesinzia, jambo ambalo marehemu baba asingeliamini. Tulifika usiku. Mama alikuwa ameniwekea ugali, mlenda na maziwa ya mgando, na kabla sijamaliza kula alikuwa amekwisha kuleta daftari lake la madeni.

16–17 Februari. Treni ya kwenda Kigoma

Tabora kila nyumba ina asali, au ina jirani mwenye asali, kwa hiyo bei haipandi hata ukiisifia vipi. Nilimwambia mama kwamba tujaribu Kigoma. Huko nako asali ipo, inatoka Kibondo na Kakonko, lakini Kigoma kuna wanunuzi wanaovuka kutoka Burundi na Kongo, na mji wenye bandari hununua tofauti na mji wenye misitu. Majirani walinicheka. Kwao Kigoma ni "mwisho wa reli", na aendaye huko na mzigo amekata tamaa ya maisha. Mimi nilikuwa nimeanza kuona kwamba hilo ni jina alilolitoa mtu aliyekaa Dar es Salaam akatazama upande mmoja tu wa ramani.

Reli hiyo ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, miezi michache kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na hadi leo kati ya miji hiyo miwili ni safari ya usiku mzima, takriban kilomita 410. Nilikata daraja la pili kulala, ambalo chumba chake kina vitanda sita na wanawake hupangwa peke yao. Madumu yangu ya asali yalijaza nafasi yote ya chini. Bibi mmoja aliyekuwa akitoka Dodoma kutibiwa macho, badala ya kununa kama wengine, alichukua furushi lake akaliweka kitandani kwake na kulala amelikunjia miguu, ili mzigo wangu upate pa kukaa.

Mama alikuwa amenifungia matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga. Yule bibi alikuwa na ugali wa muhogo na dagaa waliokaangwa kwa mawese, waliofungwa katika jani la mgomba. Tulichanganya, na katika kula akaanza kunihoji.

"Una watoto, mwanangu?"

"Sijajaliwa, bibi."

"Na mume?"

Nikamwambia kwamba niliwahi kuolewa, ikashindikana, na ni miaka mingi sasa. Akanyamaza kidogo, akalamba mawese kidoleni.

"Wewe unauza asali na hujui kwamba mwonja asali haonji mara moja?"

Chumba kizima kilicheka, hata wale walionuna. Nilidhani ni mzaha wa njiani tu.

Kulipopambazuka tulikuwa tumekwisha kupita Kaliua na Usinge. Nguruka wachuuzi walikuja dirishani na samaki wa kubanikwa wa mabwawa ya Malagarasi. Nilinunua fungu la shilingi elfu tano na mkono wangu ulinuka moshi hadi jioni. Uvinza wanauza chumvi, na bibi alinikataza kununua mfuko wa kwanza kwa sababu muuzaji wa tatu huwa na bei nzuri zaidi. Alikuwa sahihi. Kuanzia Kazuramimba michikichi ilianza kuonekana pande zote mbili, na hewa ikabadilika, ikawa ya maji.

Kwa atakayefuata njia hii: kata tiketi mapema ukiwa na kitambulisho chako, maana jina huandikwa. Beba shuka, tochi na noti ndogondogo, kwa kuwa kwenye vituo treni haisubiri chenji. Anayesafirisha kitu cha maji afunge vifuniko vya madumu kwa plastiki na mpira, kisha ayaegemeze madumu upande wa ukuta, si upande wa mlango.

Kituo cha Kigoma, jengo la Wajerumani, kiko karibu kabisa na ziwa, na ukitoka nje unaona bandari. MV Liemba ilikuwa imeegeshwa, haisafiri. Meli hiyo iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa kwa meli na kwa reli hii hii, ikaunganishwa tena Kigoma. Wajerumani wenyewe waliizamisha Julai 1916 wasije wakanyang'anywa, Waingereza wakaitoa majini mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Bibi alisimama akaitazama kwa muda, akaniambia kwamba aliposafiri nayo kwenda Kasanga alikuwa na mimba ya mtoto wake wa pili. Kisha akaniandikia namba ya simu ya nyumbani kwake Ujiji, akisema kwamba mgeni mwenye mzigo halali gesti. Nilikwenda, na asali yote iliuzwa kutoka barazani kwake, kwa Wamanyema wenzake na kwa jamaa zao wa ng'ambo ya ziwa.

Aprili na Mei. Mvua, posa na ziwa lililopanda

Idi ilikuwa Jumatano, 10 Aprili. Wiki iliyofuata wazee watatu kutoka Ujiji waliteremka kituo cha Tabora wakiwa na kanzu zilizokunjamana kwa safari, wakamwuliza dereva wa bajaji nyumba ya mama muuza asali. Bibi wa treni alikuwa amewatuma kumposea mpwa wake, fundi wa boti, mjane mwenye binti mmoja. Nilikuwa nimemwona mtu huyo mwezi Februari akibeba madumu yangu, na tangu hapo tulikuwa tukizungumza kwa simu kuliko nilivyomweleza mama. Kaka yangu, ambaye ndiye walii wangu wa ndoa, aliomba muda wa kufikiri, akafikiri kuanzia saa nne hadi saa sita.

Katikati ya Mei nilikwenda tena Kigoma na mzigo. Mvua za msimu ule zilikuwa kubwa mno, na Ziwa Tanganyika lilikuwa limepanda kiasi ambacho wazee walisema hawakumbuki vizuri lini lilifika hapo. Kibirizi, kwenye mwalo wa kaskazini mwa mji, niliona miti imesimama ndani ya maji na nyumba zilizobaki kuta. Watu walikuwa wamehamishia vibanda vyao vya dagaa juu ya barabara, wakivuka kwa mbao zilizotandazwa juu ya mawe.

Tarehe 15 Mei ziwa lilifungwa kwa uvuvi hadi tarehe 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaliana. Bei ya dagaa ilipanda papo hapo, na mama ntilie aliyeniuzia wali na samaki aina ya mgebuka mwezi Februari sasa alikuwa na maharage tu. Jambo ambalo sikulitegemea ni kwamba miezi hiyo ndiyo ya neema kwa fundi wa boti. Wavuvi wote huvuta mitumbwi nchi kavu, mbao zilizooza hubadilishwa, na nyufa hukalafatiwa kwa pamba. Ufukwe wa Ujiji ulikuwa umejaa milio ya nyundo kuanzia alfajiri. Mchumba wangu aliniambia waziwazi kwamba hawezi kuoa kabla kazi haijaisha na fedha haijalipwa, na wavuvi hawalipi kabla hawajavua. Nilipenda hesabu hiyo, kwa sababu ilikuwa ya kweli. Tukapanga Septemba.

Juni. Sikonge

Mama hakuweza tena kwenda porini, nikaenda mimi na binamu yangu kwa pikipiki mbili. Warina wetu bado wanatumia mizinga ya magome, inayotundikwa juu ya miti mirefu ya miombo, na urinaji hufanyika usiku kwa moshi wa mwenge, wakati nyuki wametulia. Nilikaa mbali nikiwa nimejifunika kama maiti, nikasikia tu sauti ya mtu akizungumza na nyuki huko juu kwa Kinyamwezi, kwa upole, akiwaomba radhi. Asubuhi tulichuja masega, tukapima, nikalipa fedha taslimu kwa sababu huko hakuna mtandao wa simu. Bei siiandiki hapa, maana washindani wangu nao husoma.

Anayetaka kununua asali porini asikubali iliyochemshwa ili ichujike haraka. Aonje, na atazame kama kuna povu la uchachu juu. Walimu wa kazi hii ni warina wenyewe, na huwa hawana choyo ukiwaamkia vizuri. "Mwangaluka" yako ikichelewa, bei nayo hupanda.

Agosti. Dar es Salaam, kufunga hesabu

Nilikwenda kuchukua vyombo vyangu vilivyobaki kwa rafiki. Treni mpya ya umeme ilikuwa imeanza kufika Dodoma tarehe 25 Julai, na nauli ya kawaida kutoka Dar es Salaam ilikuwa shilingi 31,000. Nilitumia chini ya saa nne, nikiwa nimeshika kikombe cha chai ambacho hakikumwagika. Kutoka Dodoma hadi Tabora nilirudi kwenye basi, magunia na mahindi ya kuchoma. Tabora tunaona tuta la reli hiyo likipita na tunasubiri.

Ijumaa, 6 Septemba. Nikahi

Wazee wa pande zote mbili walitaka mwezi wa Kiislamu wa Safar upite kwanza, na ukapita. Nikahi ilifungwa Isevya baada ya sala ya Ijumaa. Mimi nilikuwa chumbani na shangazi zangu, na niliyoyasikia ni sauti ya kaka ikitetemeka kuliko yangu. Pilau lilikuwa la kutosha. Mengine ya siku hiyo si ya msafiri.

Jumamosi, 7 Septemba. Barabara ya Malagarasi

Wakwe walikuwa wamekodi Coaster kwa shilingi milioni moja na laki mbili, mafuta ndani, kwa sababu walitaka bibi harusi aingie Ujiji mchana na si kwa treni ya usiku. Tuliondoka baada ya sala ya alfajiri: wazee, mashangazi, watoto, ngoma mbili, godoro, cherehani yangu na ndoo za asali ambazo mama alikataa katakata zibaki.

Urambo na Kaliua tulizipita kwa nyimbo. Miombo ilikuwa imeanza kuchipua majani mekundu, kama inavyofanya kabla ya mvua, na shangazi yangu aliyekuwa hajawahi kuvuka Kaliua alishangaa kwamba nchi inaendelea. Tulipovuka Mto Malagarasi kwenye Daraja la Kikwete tulisimama kupiga picha. Mbele yake, upande wa Uvinza, barabara ilikuwa ikijengwa, tukaingia kwenye njia ya pembeni yenye vumbi jekundu lililofika kwenye vioo. Hapo ndipo gari lilipotoa mlio mmoja mkavu na kusimama. Dereva aliingia chini, akatoka na kipande cha chuma mkononi, akasema kwamba springi imekatika.

Ilikuwa saa saba mchana. Kijiji cha karibu kilikuwa na nyumba chache, kisima cha pampu na mwembe mmoja mkubwa. Mwanamke mmoja aliyekuwa akianika muhogo alitazama ushungi wangu, akatazama hina mikononi, akaita wenzake. Kabla ya nusu saa tulikuwa tumetandikiwa mikeka chini ya mwembe. Waliniletea maji ya kunawa uso kwenye beseni jipya, lililokuwa bado na karatasi ya dukani, nikaelewa kwamba mtu alilitoa mahali alipokuwa amelificha. Wakatupikia muhogo na sombe, yaani kisamvu cha mawese na karanga, na wazee wetu walioapa kwamba hawatakula njiani walikula.

Dereva wa lori la kokoto, aliyekuwa akifanya kazi kwenye ujenzi huo, alimchukua dereva wetu hadi Uvinza na kumrudisha na springi ya kuokoteza. Alikataa malipo. Alisema kwamba mkewe pia ni wa Tabora na kwamba akichukua fedha ya arusi habari zitamfikia. Tulimpa ndoo ya asali, na hiyo aliipokea kwa mikono miwili.

Jioni ile, wakati mafundi wakigonga chini ya gari, wanawake wa kijiji walichukua ngoma zetu na kuimba nyimbo zao za Kiha, nao mashangazi wa Kinyamwezi wakajibu kwa zao. Ngoma zilikwenda pamoja hata maneno yalipokuwa hayaelewani. Mama mkwe mdogo alinong'ona kwamba hata Ujiji nisingepokelewa hivi. Tuliwaachia ndoo ya pili na sukari yote tuliyokuwa nayo. Jina la kijiji sikuliandika kwa sababu giza lilikuwa limeingia, lakini picha ya mwembe ninayo, na mwanamke wa muhogo tunapigiana simu hadi leo.

Tuliingia Ujiji saa saba usiku, kimya, na mapokezi yaliyokuwa yamepangwa mchana yalifanywa na bibi wa treni peke yake, akiwa na taa na sinia la tende.

Usafiri wa barabara hii, kama lami bado haijakamilika, hautaki haraka. Beba maji, chakula cha mlo mmoja zaidi, na usipange kuonana na mtu muhimu siku unayofika.

Septemba. Ujiji

Ziwa lilikuwa limefunguliwa tarehe 15 Agosti, lakini mwezi ulikuwa karibu kuwa mpevu, na dagaa huvutwa kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka, taa haina kazi. Kwa hiyo samaki walianza kushuka kwa wingi mwezi ulipopungua, na zile siku za mwanzo za ndoa yangu zilikuwa za usiku wa giza kabisa. Ukisimama ufukweni unaona mstari wa taa za sola majini hadi karibu na Kongo, na asubuhi mchanga wote unakuwa wa fedha kwa dagaa walioanikwa. Wavuvi walilipa madeni yao, mume wangu akamaliza mahari kabla ya tarehe tuliyoahidiana.

Alinipeleka kwenye makumbusho ya Livingstone, mahali ambapo inasemekana Stanley alimkuta mwaka 1871. Wageni huja kwa ajili ya salamu ile ya Kiingereza, lakini nilipata faida zaidi katika maelezo kuhusu njia ya misafara ya watumwa na pembe, iliyotoka hapa, ikapita Tabora, hadi Bagamoyo. Livingstone na Stanley nao walisafiri kutoka Ujiji hadi Kwihara, karibu na kwetu, ambako tulipelekwa tukiwa darasa la nne. Kwa daladala kutoka Kigoma mjini hadi Ujiji nauli wakati huo haikufika shilingi elfu moja. Mpe mwongozo muda, usimkimbize.

Oktoba. Gombe

Huu ndio uliokuwa utalii wetu wa arusi, na tuliufanya kwa njia ya wenyeji. Boti za abiria huondoka Kibirizi mchana kuelekea vijiji vya kaskazini na hukushusha Gombe njiani. Boti ya kukodi hukimbia zaidi, lakini bei yake ni ya watu wengine. Tuliketi juu ya matenga ya nyanya, jua likiwa kali, na mume wangu muda wote alisikiliza injini kwa uso wa daktari.

Hifadhi ya Gombe ni ndogo, mabonde na msitu unaoteremka hadi majini. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, alifika hapo tarehe 14 Julai 1960 pamoja na mama yake, wakati ambapo Kigoma ilikuwa imejaa Wabelgiji waliokimbia machafuko ya Kongo. Tulipanda na mwongozo tangu asubuhi, tukavaa barakoa ili tusiwaambukize sokwe maradhi yetu, na tulipowapata tuliruhusiwa saa moja tu. Jike mmoja alikuwa akimtoa mwanawe kupe, au kitu kama kupe, kwa makini ambayo sijawahi kuyaona kwa mhasibu yeyote.

Malipo ya hifadhi hufanywa kwa namba ya malipo au kadi, si taslimu, kwa hiyo maliza jambo hilo ukiwa mjini kwenye mtandao mzuri. Raia hulipa kiasi kidogo sana kuliko mgeni. Chakula nunua soko la Mwanga kabla ya kuondoka.

Desemba. Tabora, kisha nyumbani

Nilirudi Tabora kwa treni nikiwa na magunia ya dagaa, wakati wa maembe, ambapo mji mzima hunuka embe na watoto hawaitiki wakiitwa kula. Mama alifungua gunia, akatia mkono hadi kwenye kiwiko kuangalia mchanga, akala dagaa mmoja mkavu, akataja bei. Nilimwambia kwamba bei hiyo ni ya Februari. Tulibishana hadi chai ikapoa. Mwishowe tulikubaliana kwamba dagaa wataingia kwake kwa bei ya Ujiji pamoja na nauli, asali itatoka kwake kwa bei ya Sikonge pamoja na nauli, na faida tutaigawa kila mwisho wa mwezi kwa simu, yeye akiandika kwenye daftari lake na mimi kwenye langu.

Binti wa mume wangu, ambaye alinisindikiza safari hiyo, ndiye aliyeteuliwa kulinganisha madaftari yote mawili. Ana umri wa miaka kumi na mitatu na tayari amegundua kwamba mama hutoza nauli ya daraja la kwanza.